Winnie wa The Wonder Years na hesabu zake: nataka ukweli wa kuwafundishia kidato cha tatu

Mwl_Ilemela

Wakuu, habari za jioni. Ijumaa klabu ya hesabu ya wasichana ina vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80, wasichana 40 wa kidato cha tatu. Mada ni Danica McKellar, yule aliyeigiza Winnie Cooper kwenye tamthilia ya Marekani ya The Wonder Years akiwa binti mdogo kisha akasomea hesabu. Mtandaoni kila mtu ana lake: mmoja anasema aliacha uigizaji akawa profesa, mwingine anasema alivumbua fomula, wa tatu anadai tamthilia ilipoisha alipotea kabisa. Naomba wanaoijua habari hii wanisaidie mambo matatu.

Kwanza, mtiririko wa maisha yake ya kazi, miaka iwe sahihi. Pili, hiyo hesabu yenyewe ilihusu nini, kwa lugha ambayo binti wa Kirumba hapa Mwanza ataielewa bila kuchorewa sumaku za maabara. Tatu, zoezi la kufanya kwa mikono. Nina ubao, chaki, madaftari ya miraba na dadu 20 za ludo. Projekta ipo ila umeme wa wiki hii mnaujua wenyewe.

---

Kasuku wa Igoma

Mwalimu, nianze na miaka.

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1975 huko La Jolla, California. The Wonder Years ilianza kurushwa na kituo cha runinga cha ABC tarehe 31 Januari 1988, mara baada ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, kwa hiyo watazamaji walipomwona mara ya kwanza alikuwa ametimiza miaka 13 wiki nne tu zilizopita. Ya mwisho ilirushwa tarehe 12 Mei 1993. Vipindi 115, misimu sita. Hapo ana miaka 18. Yaani umri wa sekondari wote, kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha sita kwa hesabu ya kwetu, aliumaliza mbele ya kamera.

Hadithi ya tamthilia yenyewe imewekwa kati ya mwaka 1968 na 1973. Wasichana wakiona picha za magari na nguo watadhani ni ya zamani kuliko ilivyo, waambie mapema.

Jambo ambalo watu hulisahau: nafasi ya Winnie iligombewa na dada wawili wa nyumba moja. Mdogo wake, Crystal, naye alifika kwenye usaili. Danica akachukuliwa, na Crystal akapewa uhusika mwingine, Becky Slater. Crystal baadaye alisoma chuo kikuu cha Yale, kisha sheria Harvard. Na yule rafiki mwenye miwani wa Kevin, mhusika mkuu, yaani Paul, aliyeigizwa na Josh Saviano, naye alikuja kuwa mwanasheria. Kuna uvumi wa miaka mingi kwamba ndiye mwanamuziki wa roki Marilyn Manson. Si kweli, na lazima mmoja wa wasichana atauliza kwa sababu uvumi huo hauishi.

Baada ya 1993 Danica aliingia UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles. Alimaliza 1998, shahada ya kwanza ya hesabu, kwa daraja la juu kabisa la heshima. Hapo ndipo watu wanapokosea: hana uzamivu, si profesa, hajawahi kuwa mhadhiri. Ana shahada ya kwanza na andiko moja la utafiti alilolifanya akiwa bado mwanafunzi. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko huo uprofesa wa kubuni, kwa sababu wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaochapisha kwenye jarida la fizikia ni wachache sana.

Wala hakuacha uigizaji. Aliupunguza wakati wa masomo, kisha akarudi: The West Wing mwaka 2002 hadi 2003, sauti ya Miss Martian kwenye katuni ya Young Justice kuanzia 2010, na filamu nyingi za Krismasi za runinga, mojawapo Crown for Christmas ya 2015. Katikati ya hayo anaandika vitabu vya hesabu: Math Doesn't Suck (2007), Kiss My Math (2008), Hot X (2010), Girls Get Curves (2012). Cha kwanza ni sehemu, uwiano na asilimia. Cha pili ni namba hasi na utangulizi wa aljebra. Cha tatu ni aljebra yenyewe, cha nne jiometri. Kwa kidato cha tatu cha kwetu, kinachowafaa zaidi ni cha nne.

Kwenye ubao usiandike "mwigizaji aliyeacha". Chora mistari miwili inayokwenda sambamba, mmoja wa uigizaji na mmoja wa hesabu. Mstari wa uigizaji unakonda kati ya 1993 na 1998, kisha unanenepa tena.

---

Ngosha_Namba

Nachukua la pili na la tatu pamoja, maana zoezi ndilo maelezo.

Andiko lilichapishwa 1998 kwenye Journal of Physics A. Waandishi watatu: Lincoln Chayes aliyekuwa mwalimu wao, Danica McKellar, na mwanafunzi mwenzake Brandy Winn. Ndiyo maana matokeo yake huitwa nadharia ya Chayes–McKellar–Winn. Si fomula ya kuingiza namba upate jibu. Ni uthibitisho kwamba mambo mawili yanayoonekana tofauti, kwenye aina fulani ya sumaku ya kihesabu iliyotandazwa bapa kama wavu, hutokea pamoja au hayatokei kabisa. Moja ni kwamba mfumo unaweza kutulia katika hali zaidi ya moja. La pili ni upenyaji: vipande vya aina moja vimeungana mpaka vikafanya njia isiyo na mwisho.

Neno la kushika ni upenyaji. Na Mwanza tuna mfano wake unaelea: magugu maji.

Wanafunzi wachukulie daftari la miraba kuwa ni ghuba inayoonekana kutoka juu. Kila mraba ama ni maji meupe ama ni gugu. Mtumbwi unatoka mstari wa juu kabisa, unataka kufika mstari wa chini. Unapita kwenye maji tu. Swali: maji yakiwa sehemu gani ya ghuba, mtumbwi unapita?

Hatua:

1. Wawili wawili, dadu moja, eneo la miraba 10 kwa 10. Mmoja anarusha, mwenzake anaandika namba iliyotoka ndani ya mraba. Mirusho 100. Kwa sekunde tano kila mrusho ni dakika nane na kidogo, weka 10.

2. Wasitie rangi yoyote bado. Namba zibaki namba. Hili ndilo linalookoa muda, utaona.

3. Duru ya kwanza: mraba wenye 1, 2 au 3 ni maji. Tafuta njia. Duru ya pili: 1 mpaka 4 ni maji. Karatasi ni ile ile, namba ni zile zile, dadu haiguswi tena.

Kutafuta njia kuna utaratibu wake, vinginevyo macho yanadanganya. Weka nukta kwenye kila mraba wa maji ulio mstari wa juu. Kisha kila mraba wa maji unaogusana ubavu na mraba wenye nukta, nao upewe nukta. Rudia mpaka hakuna pa kuongeza. Nukta ikifika mstari wa chini, mtumbwi umepita.

Chora huu ubaoni kama mfano:

4 2 6 1 5
1 3 5 4 2
6 4 2 6 3
5 1 3 6 1
2 6 4 5 3

Duru ya kwanza (1 hadi 3) maji ni miraba 12 kati ya 25, karibu nusu. Kutoka juu, ile 2 inashuka kwenye 3, inakwenda kushoto kwenye 1, basi, imekwama. Ile 1 ya mstari wa juu haina pa kwenda kabisa. Mtumbwi haupiti. Duru ya pili (1 hadi 4) maji yanakuwa 16. Imeongezeka miraba minne tu, lakini sasa kuna njia mbili: moja inashuka 1, 4, kisha kulia kwenye 2, halafu 3, 1, 3 hadi chini. Nyingine ni 2, 3, 4, 1, kulia kwenye 3, kushuka kwenye 4.

Mfano huo nimeupanga makusudi. Angalia tena duru ya kwanza: 1 ya mstari wa juu na 2 ya mwisho wa mstari wa pili zinagusana kwa kona. Na kutoka hiyo 2, safu nzima ya kulia ni maji mpaka chini. Nusu ya darasa watapitisha mtumbwi konani na kusema umefika. Hapana. Kona ni ncha mbili za magugu zilizogusana, upana wake ni sifuri. Ukiruhusu kona unabadilisha mchezo wote, na jibu la "nusu ya maji haitoshi" linageuka.

Kosa la pili ni kudhani njia lazima ishuke tu. Inaweza kupanda juu kidogo, ikazunguka gugu, ndipo ishuke. Ndiyo maana nimesema "ubavu" bila kutaja upande.

Mwisho, kila jozi ije iandike ubaoni: ndiyo au hapana kwa duru ya kwanza, ndiyo au hapana kwa duru ya pili. Jozi 20. Duru ya kwanza "ndiyo" zitakuwa chache, ya pili zitakuwa nyingi. Kwa ghuba kubwa isiyo na kikomo, mpaka wenyewe uko karibu na 0.593. Chini ya hapo hakuna njia, juu ya hapo ipo. Namba 3 kati ya 6 za dadu ni 0.5, namba 4 kati ya 6 ni 0.667. Umeuweka mpaka katikati bila wao kujua.

---

Mwl_Ilemela

Ngosha, Mungu akuzidishie. Maswali mawili. Je, nikikosa dadu za kutosha naweza kutumia sarafu? Na kama jozi tatu nne zikipata "ndiyo" duru ya kwanza, si wataniambia nadharia ni ya uongo?

---

Ngosha_Namba

Sarafu inakupa 0.5 tu, duru ya pili huna. Ukitaka lazima, rusha sarafu mbili kwa kila mraba na uhesabu gugu pale tu zote mbili zikionyesha kichwa: hapo maji ni robo tatu, 0.75. Inafanya kazi, ila mirusho inakuwa mingi na sarafu zinabiringika chini ya madawati. Dadu irushwe ndani ya kifuniko cha ndoo au boksi la chaki, itakuokoa na kelele.

Kuhusu "ndiyo" za duru ya kwanza: zitatokea, na usizifiche. Miraba 10 kwa 10 ni ghuba ndogo. Katika eneo dogo mpaka haukati kama kisu, unapanda kama mteremko wa Capripoint. Chukua jozi nne, ziunganishe karatasi zao ziwe 20 kwa 20, watafute njia upya kwenye karatasi kubwa. Kadiri eneo linavyokua ndivyo "labda" inavyopungua na kubaki ndiyo au hapana. Kwa jozi 20 unapata karatasi tano kubwa, zinatosha kuonyesha.

---

Sangara Mbichi

Naongeza marekebisho mawili, moja la hesabu na moja la historia.

La hesabu. Zoezi la Ngosha ni zuri, lakini si lile lile la andiko. Kwenye dadu kila mraba unajiamulia, jirani haumhusu. Kwenye mfumo wa Ashkin–Teller ambao McKellar na wenzake waliushughulikia, kila nukta ya wavu ina sumaku ndogo mbili, kwa hiyo hali nne, na majirani huvutana wafanane. Ugumu wote ulikuwa hapo. Kwa mfumo mwingine wa karibu, wa Potts, matokeo kama hayo yalikuwa yanajulikana tayari. Wao waliyapeleka kwenye Ashkin–Teller, na si kote, kwa sehemu yake.

Kwa kweli magugu ya ziwani yanafanana zaidi na andiko kuliko na dadu. Gugu halikai pekee yake, linashikana na jirani, upepo unalisukuma kwa visiwa vizima. Ukitaka dakika tano za mwisho zenye maana, waulize wasichana: kama magugu yanapenda kukaa pamoja, mpaka wa 0.593 utabaki pale pale? Hautabaki. Waache wabishane.

La historia. Wanaoandika kuhusu watoto waigizaji wa Marekani hupenda kusema "sheria ya Coogan ililinda asilimia 15 ya pesa zake". Kwa McKellar hiyo si sahihi. Jackie Coogan alikuwa nyota mtoto wa miaka ya 1920, alipokua akakuta mamilioni yametumika, akashtaki mama yake na baba wa kambo, akatoka na karibu dola 126,000. California ikapitisha sheria 1939. Lakini sheria hiyo ya kwanza ilishika mikataba iliyopelekwa mahakamani tu, na mingi haikupelekwa. Ule wajibu wa kutenga asilimia 15 ya malipo ghafi kwa kila mtoto, kwenye akaunti asiyoweza kuigusa mzazi, ulianza tarehe 1 Januari 2000. Tamthilia yake ilikwisha 1993. Ukiliandika ubaoni liwe kama habari ya sheria, lisiwe habari yake.

Kilichowahusu watoto wa kizazi chake moja kwa moja ni saa. Kanuni za California kwa umri wa miaka 9 hadi 15 siku ya shule: saa 9 eneo la kazi, ambapo 5 ni za kazi, 3 za masomo na 1 ya mapumziko. Miaka 16 na 17: saa 10, yaani 6, 3 na 1. Chakula ni nusu saa juu ya hapo. Mwalimu wa studio lazima awepo, mmoja kwa watoto wasiozidi 10, na ana mamlaka ya kumwondoa mtoto mbele ya kamera akiona afya au usalama wake uko hatarini. Kibali cha kazi ni cha miezi sita, na hakitolewi kama alama za shuleni haziridhishi. Kwa hiyo mwigizaji anayeanguka shuleni anaweza kukosa kibali. Hilo wasichana watalipenda, nina uhakika.

---

Binti Nyakato

Mwalimu, jiandae na swali ambalo halimo kwenye mada: "na sisi tukiitwa kuigiza?" Siku hizi vikundi vinarekodi tamthilia Mwanza, pale kwenye Jiwe la Bismarck na ufukweni, na wanatafuta sura za mabinti. Majibu mafupi yawe mfukoni.

Sheria ya Mtoto ya 2009: mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Umri wa chini wa kazi ni miaka 14, na iwe kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia shule. Kazi ya usiku ni marufuku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mwongozaji anayetaka tukio la giza na binti wa miaka 15 ana dirisha dogo: jua la Mwanza linazama karibu saa 1 kasoro, kwa hiyo amebakiwa na kama saa moja. Taa ziwe zimefungwa na mazoezi yamekwisha kabla jua halijazama. Wanaochelewa kufunga taa ndio wanaoanza kubembeleza "dakika kumi tu" saa mbili na nusu.

Mkataba: aliye chini ya miaka 18 hana uwezo kisheria wa kufunga mkataba, kwa hiyo mzazi au mlezi ndiye asaini, na abaki na nakala. Ndani yake yasomwe haya: malipo ni kwa siku au kwa kipindi (kipindi kimoja kinaweza kula siku nne, hapo ndipo watu wanapopunjwa), tarehe za kurekodi zisiguse mitihani, nani analipa nauli na chakula, picha za mtoto zitatumika wapi na kwa muda gani, na kama akitakiwa kupanda mtumbwi basi jaketi okozi la saizi yake liwepo kabla ya kuondoka ufukweni. La mtu mzima halimfai mtoto, humpanda usoni akiwa majini. Malipo ya huduma hukatwa kodi ya zuio asilimia 5, aombe cheti cha makato hayo.

Huku hatuna asilimia 15 ya lazima. Mzazi anaweza kujiwekea mwenyewe: akaunti ya mtoto benki, au Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS (kampuni ya mifuko ya uwekezaji), na iandikwe kwenye mkataba kwamba sehemu fulani ya malipo itaingia huko moja kwa moja badala ya kupitia simu ya mtu.

---

Mwl_Ilemela

Nashukuru sana dada, na wakuu wote. La mwisho: nimeona mahali wanasema ana "namba ya Erdős–Bacon 6". Ni nini hiyo, na ina faida darasani?

---

Kasuku wa Igoma

Ni mchezo wa kuhesabu hatua. Paul Erdős alikuwa mwanahesabu wa Hungaria aliyeandika na watu mamia. Aliyeandika naye ana 1, aliyeandika na aliyeandika naye ana 2, hivyo hivyo kuendelea. McKellar ana 4. Kevin Bacon ni mwigizaji, na hesabu ni ile ile kwa kuonekana kwenye filamu moja: McKellar ana 2. Jumla 6. Wanaopata namba yoyote upande wote wawili ni wachache, kwa sababu lazima uwe umechapisha hesabu na umeigiza.

Darasani itumie kama una dakika saba zimebaki. Chagua msichana mmoja awe sifuri. Waliokaa naye dawati moja mwaka huu au mwaka jana wana 1, waliokaa na hao wana 2.  Waandike kwenye karatasi kabla hawajaanza kutaja kwa sauti, la sivyo wataongea wote kwa pamoja na hutapata namba hata moja.